Wakunga Wetu na Kazi ya Kujizoeza kabla ya Saa ya Hatari

Maneno yaliyosemwa mbele ya sharika na waalimu katika sherehe ya jubilei, Arusha



Katika sikukuu hii mengi yamekwisha kusemwa juu ya makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na watu waliotutangulia katika kazi. Ni haki kuyasema. Sisi tumeagizwa kusema habari ya kazi nyingine, nayo ni kazi ya kumpokea mtoto anapozaliwa na kumlinda mama yake katika saa ile. Kazi hii haina mnara wala kengele. Walakini hapana nyumba hata moja kuuzunguka mlima huu wa Meru, toka King'ori mpaka Oldonyo Sambu, isiyoihitaji.

Neno letu ni moja tu, nasi twaomba mlichukue mwende nalo nyumbani: mkono wa mkunga huokoa kwa sababu umezoezwa, na kuzoezwa huko si jambo la siku moja. Mengine yote tutakayosema yatalieleza neno hili.

Kwanza tutazame hali ya nchi yetu. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walikufa kwa ajili ya uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Kadhalika akina mama waliojifungulia hospitali, vituo vya afya na zahanati walikuwa 63 katika kila 100 hapo kwanza, na mwaka 2022 wakawa 81. Hii ni habari ya kushukuru sana. Lakini tazameni hesabu ya watoto. Katika uchunguzi ule wa kwanza, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 25 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Katika ule wa pili walikuwa 24. Mmoja tu amepungua.

Hesabu hii yatuambia nini? Kwa miaka mingi tumewahimiza akina mama, makanisani na barazani, tukisema, Nendeni hospitali, msizalie nyumbani. Nao wamesikia, wakaenda. Wengine wametoka Oljoro na Longido, wakapita njia za vumbi wakati wa kiangazi na za tope wakati wa masika. Basi sasa deni limetugeukia sisi. Mama akiisha kufika mlangoni, ni nani atakayempokea? Na mikono ya yule atakayempokea yajua kufanya nini?

Yafaa tueleze kidogo jinsi mambo yalivyo, kwa maana si wote wajuao. Mtoto alipokuwa tumboni hakuvuta hewa; alipata uhai wake kwa njia ya kitovu. Anapozaliwa, mapafu yake hana budi kuyafungua mwenyewe. Walio wengi hulia mara moja, na kila mtu hufurahi. Wengine, kama kumi katika mia, hukawia kidogo. Hao wakikaushwa vizuri kwa nguo na kusuguliwa mgongo, huamka. Wako tena wachache, kama watatu mpaka sita katika mia, ambao hata wakisuguliwa hawavuti pumzi. Hao hawana wakati wa kungoja. Yapasa mkunga aweke barakoa ndogo juu ya pua na kinywa cha mtoto, aminye mfuko wa hewa mara 40 hivi kwa dakika, huku akitazama kama kifua chainuka. Na kazi hii yapasa ianze kabla dakika moja haijaisha tangu mtoto azaliwe. Waalimu wa kazi hii huiita dakika hiyo Dakika ya Dhahabu.

Kwa mama nako iko hatari inayoshabihiana na hiyo. Mtoto amekwisha kuzaliwa, jamaa nje wamekwisha kupiga vigelegele, na ndani ya chumba damu haikatiki. Mji wa mimba umelegea badala ya kukaza. Mama mwenye afya njema asubuhi aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu asipopata msaada. Hapo kuna sindano ya kuukaza mji wa mimba, kuna kuusugua juu ya tumbo, kuna kutazama kama kondo la nyuma limetoka zima, na ikishindikana, kuna namna ya kuubana mji wa mimba kwa mikono miwili mpaka msaada zaidi ufike. Kila moja ya kazi hizi yaweza kuandikwa katika mistari mitatu ya kitabu. Lakini mtu aliyeisoma tu, akiiona damu yaenea sakafuni, mara nyingi huisahau.

Sasa tuhesabu pamoja, na waalimu watatusahihisha tukikosa. Chukueni zahanati moja ndogo ya kijijini, ambapo huzaliwa watoto 10 kila mwezi. Tukisema watano katika mia huhitaji kupuliziwa hewa, basi mtoto wa namna hiyo atakuja mara moja katika miezi miwili. Ikiwa wauguzi ni wawili wanaopokezana zamu, kila mmoja wao atakutana naye mara tatu tu kwa mwaka mzima. Je, ni kazi gani ya mkono ambayo mtu huifanya mara tatu kwa mwaka akaifanya kwa haraka bila kutetemeka? Fundi seremala hawezi. Mpiga tarumbeta hawezi. Tena mtoto huyo haleti barua ya kusema siku atakayokuja. Huja saa nane ya usiku, taa ikiwa hafifu, na mwuguzi akiwa peke yake.

Zamani, katika Wameru na Waarusha kama katika watu wengine, ukunga ulifundishwa kwa kukaa karibu na mzee. Binti alimfuata bibi, akashika taa, akachemsha maji, akatazama miaka mingi kabla ya kuguswa na kazi yenyewe. Njia hiyo ilikuwa na hekima yake: iliufundisha mkono kwanza, na maneno yakaja baadaye. Shule zetu za wauguzi nazo zilifuata njia iliyo jirani nayo, kwa kumpeleka mwanafunzi wodini ajifunze kwa kumtazama mkubwa. Lakini njia hiyo ina upungufu mmoja usioweza kuondolewa. Saa ya hatari haimngoji mwanafunzi. Ikija, mwenye ujuzi husukuma wengine kando na kufanya mwenyewe, wala hapana wa kumlaumu. Na mwanafunzi hubaki ukutani akitazama migongo ya watu. Hivyo yawezekana mtu akamaliza masomo yake yote, akapata cheti, na mara yake ya kwanza ya kuushika mfuko wa hewa ikawa juu ya mtoto wa mtu anayekufa.

Basi watu wenye busara wakajiuliza: je, haiwezekani mkono ukakosea mahali ambapo kosa halimuui mtu? Wazo hili si la jana. Katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1759, mfalme Louis XV alimpa mkunga mmoja, jina lake Angélique du Coudray, ruhusa ya kuzunguka nchi nzima kuwafundisha wanawake wa vijijini kazi ya ukunga. Wengi wao hawakujua kusoma. Mama huyu hakuwafundisha kwa kitabu tu. Alishona kwa nguo na ngozi umbo la kiuno cha mama na mtoto wake, akawapa walishike, wamgeuze mtoto, wamtoe, wakosee, waanze tena. Alifundisha maelfu ya wanawake kwa namna hii, na mpaka leo umbo moja la kazi yake limehifadhiwa katika mji wa Rouen.

Miaka 200 ikapita. Huko Norwei, katika mji wa Stavanger, alikuwako mtu mmoja aitwaye Åsmund Laerdal, naye kazi yake ilikuwa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Mwanawe mdogo wa miaka miwili alikaribia kufa maji, na baba akawahi kumwokoa. Baadaye madaktari walipotafuta chombo cha kuwafundishia watu jinsi ya kumpulizia hewa aliyezimia, fundi huyu wa wanasesere akatengeneza mwanasesere mkubwa kama mtu mzima, akamtoa mwaka 1960. Katika nyumba hiyohiyo ya kazi baadaye wakatengenezwa wanasesere wa uzazi ambao leo wametawanyika katika nchi nyingi, pamoja na Tanzania.

Mwanasesere wa mtoto mchanga, aitwaye NeoNatalie, hujazwa maji mpaka apate uzito wa mtoto kamili, naye akishikwa hulegea mikononi kama mtoto asiye na nguvu. Ana vifuko vidogo vya kuminya: kimoja hukifanya kitovu kipige kama mapigo ya moyo, kingine huinua kifua, kingine humliza. Barakoa ikikaa vibaya, kifua hakiinuki hata kidogo; mwanasesere hajui kumpendelea mtu. Wa mama, aitwaye MamaNatalie, huvaliwa tumboni na mwalimu mwenyewe, ambaye hujifanya ndiye mzazi: huugua, huuliza maswali, huogopa, na kwa siri hufungua maji mekundu yakatoka kama damu. Mwuguzi asipofanya linalopasa, maji hayakomi.

Twajua wako wasemao, Huu ni mchezo wa watoto. Watu wazima wenye elimu watachezeaje wanasesere? Hao tuwajibu kwa mfano ulio karibu nao. Bendi ya matarumbeta ya usharika, inayotupendeza siku kama ya leo, hufanya nini jioni za katikati ya juma? Hupiga wimbo uleule mara kumi, husimama, hurudi nyuma, humngoja mwenye sauti ya nne aliyepotea. Hakuna asemaye kwamba wanacheza. Twajua ya kuwa bila jioni zile hapangekuwa na siku ya sikukuu. Basi ikiwa twafanya hivyo kwa ajili ya wimbo, je, tutaona haya kufanya hivyo kwa ajili ya pumzi ya mtoto?

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe, nalo lilionekana si mbali na hapa. Ninyi wazee mwakumbuka ya kuwa nchi ya Manyara ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha mpaka mwaka 2002 ilipokatwa ikawa mkoa wake. Huko, katika Wilaya ya Mbulu, iko hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisioni wa Norwei mwaka 1955. Ni hospitali ya Kanisa, ya shamba, iliyo mbali na mji, kama zilivyo nyingi za kwetu.

Mwaka 2010 wauguzi na wakunga wa Haydom walifundishwa kwa siku moja kumsaidia mtoto asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere. Mafunzo haya huitwa kwa Kiswahili Kuwasaidia Watoto Kupumua. Miezi ilipopita wakapimwa tena juu ya mwanasesere, ikaonekana wamefaulu kuliko zamani. Lakini wenye hospitali hawakuridhika kwa hayo. Walikuwa wameweka watu wa kutazama na kuandika kila kuzaliwa kwa mtoto, saa kwa saa, wakaenda kutazama chumbani kwenyewe: je, watoto wa kweli walisaidiwa zaidi? La. Kazi chumbani ilikuwa vilevile, na vifo havikupungua. Ujuzi ulikaa katika darasa, haukuvuka mlango.

Hapa, wapendwa, ndipo tunapotaka mtulie kidogo. Mji wetu wa Arusha ni mji wa mikutano. Twajua semina. Watu hukusanyika katika ukumbi mzuri, husikiliza, hupiga picha, hupokea cheti na posho, hurudi kwao. Nasi huandika katika taarifa: wauguzi kadha wa kadha wamefundishwa. Haydom yatuonya ya kuwa taarifa hiyo yaweza kuwa ya kweli kila neno, na bado asiokoke mtoto hata mmoja.

Haydom hawakuacha. Toka mwezi wa Februari 2011 walibadili desturi. Mwanasesere aliwekwa palepale karibu na chumba cha kujifungulia, pamoja na mfuko wake wa hewa. Mwuguzi alijizoeza dakika tatu mpaka tano tu, mara kwa mara, katika siku zake za kazi. Tena kila mwezi kukawa na zoezi la kama dakika 40. Hakuna aliyesafiri, hakuna aliyelala hotelini. Na katika mwaka ule uliofuata, vifo vya watoto katika siku yao ya kwanza vilipungua toka 11.1 katika kila 1,000 mpaka 7.2. Zaidi ya hayo, watoto waliohitaji mfuko wa hewa wakawa wachache kuliko mwaka wa nyuma, maana wakunga walikuwa wepesi zaidi kukausha, na kusafisha kinywa, na kusugua mgongo, na watoto wengi wakaamka kwa hayo. Watu waleule, hospitali ileile. Lililobadilika ni desturi. Haba na haba hujaza kibaba.

Huko huko Haydom ilionekana pia ya kuwa kila nusu dakika inayopotea kabla ya kuanza kumpulizia mtoto hewa huongeza hatari ya kufa au ya kulazwa siku nyingi kwa 16 katika mia. Nusu dakika ni muda wa kutafuta ufunguo wa kabati. Nusu dakika ni muda wa kuita, Sista yuko wapi?

Wala si Haydom peke yake. Katika hospitali nane za Tanzania yalikofanyika mafunzo haya toka mwaka 2009, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua toka 13.4 katika kila 1,000 mpaka 7.1, nayo Wizara ya Afya ikayaeneza katika mikoa mingi. Tena baadaye, toka mwaka 2021 mpaka 2023, mafunzo ya Haydom ya kujizoeza mara kwa mara, pamoja na vyombo vipya vya kusikilizia moyo wa mtoto, yalipelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Kila mahali waliwekwa watu wa palepale wa kuwasimamia wenzao wajizoeze. Akina mama waliohesabiwa walikuwa karibu 300,000. Habari zake zilipotolewa mwaka 2025, ilionekana ya kuwa watoto waliokufa karibu na kuzaliwa au katika siku ya kwanza walipungua toka 15.3 katika kila 1,000 mpaka 12.5, na vifo vya akina mama katika vituo vile vikapungua kwa kadiri ya robo tatu. Matokeo hayakuwa sawasawa katika kila mkoa, nasi hatuna sababu ya kuficha hayo. Lakini njia imeonekana. Mkoa wa Arusha haukuwa katika mitano ile. Lakini jirani yetu alikuwamo.

Tuseme sasa jinsi zoezi lenyewe linavyokwenda, maana ndani yake mna jambo ambalo si la uuguzi tu. Watu watatu au wanne hukusanyika kwa robo saa, labda zamu ya usiku inapoipokea ya mchana. Mmoja huvaa mwanasesere wa mama. Mtoto huzaliwa, halii. Mmoja hushika mtoto, mwingine hubaki na mama, mwingine huita msaada. Kila agizo hutolewa kwa jina la mtu, wala haisemwi, Mtu alete sindano. Naye aliyeagizwa hulirudia agizo kwa sauti, ili ijulikane limesikiwa.

Hapa heshima ya kwetu hujaribiwa. Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa wake mbele ya watu, na desturi hii ni njema barazani. Lakini fikirini mwuguzi kijana aliyemaliza shule mwaka jana. Aona barakoa haikukaa vizuri usoni pa mtoto. Hewa yatoka pembeni. Mkuu wake, aliyefanya kazi miaka 20, hajaona. Aseme, au anyamaze? Akinyamaza kwa heshima, mtoto atakufa kwa heshima. Katika zoezi hujifunza kusema kwa adabu na kwa wazi, "Sista, kifua hakiinuki." Na mkubwa naye hujifunza kujibu, "Asante, kifua hakiinuki, naiweka upya." Wakiisha kuyasema maneno haya mara ishirini juu ya mwanasesere, yatatoka yenyewe usiku ule wa kweli. Hapana aliyevunjiwa heshima. Heshima imepewa mahali pake, nayo ni kumheshimu mtoto aliye mezani.

Zoezi likiisha, huketi na kuulizana maswali matatu: Nini kilikwenda vema? Nini kilitushinda? Mara nyingine tutafanyaje? Ni mwiko kucheka na ni mwiko kukaripia. Ninyi waalimu mwaijua siri hii kuliko sisi. Mtoto aliyechapwa kwa kukosea hesabu ubaoni hujifunza jambo moja tu, yaani kutokwenda ubaoni. Kadhalika mwuguzi aliyeaibishwa hujifunza kuficha. Na kosa lililofichwa chumbani mwa uzazi huzaa jingine.

Walakini tusiseme zaidi ya kweli. Mwanasesere si dawa. Mkono uliozoezwa hauwezi kuchoma sindano isiyokuwapo, wala sindano iliyoharibika kwa joto. Maana dawa ile ya kuukaza mji wa mimba hupasa kukaa katika ubaridi, na jokofu bila umeme ni kabati tu. Mkono uliozoezwa hauwezi kumtilia mama damu ambayo hakuna mtu aliyeitoa. Na zahanati yenye mwuguzi mmoja kwa usiku na mchana haina wa kumwita hata ajizoeze namna gani. Mambo haya yote yahitajiwa. Twasema tu ya kuwa yakiwapo yote, na mikono ikawa haijui, hayafai kitu. Nayo mikono yaweza kufundishwa kwa gharama ndogo kuliko yote.

Basi tufanyeje sisi wa huku? Hospitali tunazo: Mount Meru ya Serikali mjini, na Kituo cha Tiba cha Kilutheri kilichofunguliwa mwaka 2008, Selian kule Ngaramtoni, na Nkoaranga mlimani, mahali ambapo wamisioni wa Leipzig walijenga mwaka 1902. Kuzizunguka hizo ziko zahanati nyingi za Serikali na za makanisa. Twaomba mambo manne.

La kwanza ni kwa wasimamizi wa hospitali na kamati za zahanati. Kama mna mwanasesere, ulizeni yuko wapi. Akiwa ndani ya sanduku lake, katika stoo, ufunguo uko kwa mtu aliye likizo, basi hamnaye. Mtoeni mumweke karibu na chumba cha kujifungulia. Wekeni robo saa katika juma, na jina la mtu mmoja atakayeisimamia, wala msiingoje semina. Kama hamnaye, fungu moja la sadaka ya mavuno ya usharika laweza kumnunua, naye atadumu miaka.

La pili ni kwa ninyi mnaongoja kwenye mabenchi ya kliniki. Mkiambiwa mngoje kidogo kwa kuwa wauguzi wamo katika zoezi, msinung'unike mkisema wanacheza. Dakika zile ni zenu. Ni za binti yenu atakayeletwa mwezi ujao.

La tatu ni kwa akina baba na wazee wa sharika. Mwuguzi aliyezoezwa humwokoa mama aliyefika. Hawezi kumwokoa aliye bado njiani. Jueni mapema mama atakwenda kwa gari ya nani na kwa fedha ipi. Msianze kutafuta usiku. Nanyi vijana wenye nguvu, toeni damu kabla haijaulizwa jina la mgonjwa. Nchi yenye kungoja jamaa wa mgonjwa ndipo itafute damu, huzika wengi.

La nne ni kwenu waalimu. Watoto wenye moyo wa uuguzi mnao madarasani sasa, wa kike na wa kiume. Wafundisheni kwamba kukosea na kurudia si aibu. Wafundisheni kusema kwa adabu lililo kweli mbele ya mkubwa. Mtoto aliyezoea hayo darasani hatayaona mageni siku atakapovaa nguo nyeupe.

Wapendwa, katika jubilei watu huhesabu miaka. Sisi tuliokuja kusema neno hili twahesabu dakika, tena dakika moja tu, ile ya kwanza ya maisha ya mtu. Kila mmoja aliye hapa ameipita, na wengi wetu hatujui ni nani aliyetukausha wala aliyetusugua mgongo mpaka tukalia. Hatuwezi kumlipa tena yule. Lakini watoto wa mlima huu watakaozaliwa usiku wa leo tutaweza kuwatendea kama tulivyotendewa, ikiwa mikono itakayowapokea imejizoeza juma hili, si mwaka juzi.

 Mungu awalinde mama zetu wote walio na mimba, na wale watakaokesha pamoja nao.